Nilimjibu mzee wa Kibirizi nusu tu

Mei 2024, redio zilipotangaza kwamba kimbunga Hidaya kinakaribia Mafia, mzee mmoja pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alinisimamisha, nyavu zikiwa bado mikononi. "Mwanangu, na huku ziwani kitafika?" Nikamwambia hapana, mzee wangu. Ziwa letu la Tanganyika ni jembamba mno kulisha kimbunga, tena tuko karibu mno na ikweta hewa isipate mzunguko wa kutosha. Akashukuru. Jibu lilikuwa sahihi, lakini limenikaa rohoni hadi leo.

Maana hata kule Derna, Libya, vimbunga vilihesabiwa kuwa mambo ya nchi za tropiki. Septemba 2023 dhoruba Daniel ilianza kwa kuizamisha Ugiriki: kijiji cha Zagora kilipata zaidi ya milimita 700 za mvua kwa siku moja, wakati Kigoma kwa kawaida hatufikishi 1,000 mwaka mzima. Kisha ikavuka Mediterania kuelekea kusini, ikanywa joto la bahari na kugeuka kile wataalamu wanachokiita medikeni, yaani kimbunga cha Mediterania. Kimbunga cha kwetu hutaka bahari ya nyuzi 26 au zaidi. Medikeni huweza kuridhika na chini ya hapo, kwa kuwa hewa ya juu yake ni baridi sana. Mvuke hupanda kwa nguvu kama wa sufuria iliyofunuliwa alfajiri ya kipupwe. Ni kidogo kwa umbo, ila huweza kuwa na jicho kabisa.

Walioangamia Derna wengi waliuawa na maji. Usiku wa kuamkia 11 Septemba mabwawa mawili ya miaka ya 1970, juu ya korongo linalokatiza mji, yalipasuka. Maelfu wakafa, mitaa mizima ikasombwa hadi baharini. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa maji wa hukohuko Libya alikuwa ameandika kwamba yanahitaji matengenezo.

Kwa hiyo neno "hakifiki kwetu" halinitoshi tena. Tangazo la mvua kubwa liniambie maji yatapita wapi. Tuna makorongo yanayoshuka ziwani, tuna bonde la Luiche na mpunga wake, na ziwa lenyewe lilipopanda liliingia hadi bandarini Kibirizi pasipo kimbunga chochote.

Nikikutana na yule mzee tena, nitamuuliza kwanza nyumba yake iko umbali gani na korongo.