Daktari aandike jina la dawa, si la kampuni

Ahsante mwandishi kwa kueleza jinsi wanawake waliokoma hedhi wanavyozunguka maduka ya dawa wakitafuta homoni bila kuzipata. Mimi ni mfamasia, na haya nayaona kaunta: mama anakunjua cheti kilichochakaa kwa kuonyeshwa huku na kule, kina jina la kampuni moja tu, na kila alikopita ameambiwa "hakuna". Anarudi nyumbani kulowa jasho usiku kucha.

Mara nyingi dawa yenyewe ipo kwa jina jingine. Kwa mfano estradioli, aina ya homoni ya estrojeni inayopunguza dalili za kukoma hedhi, hutengenezwa kama kidonge, kibandiko au jeli. Mwombeni daktari aandike jina hilo, kipimo chake na mbadala anaoukubali. Uingereza mwaka 2022, Oestrogel, jeli ya estradioli ya kampuni moja, ilipoadimika, serikali iliweka kikomo cha dawa ya miezi 3 kwa mkupuo, kisha ikawaruhusu wafamasia kutoa mbadala bila kumrudisha mgonjwa kwa daktari. Utaratibu wa namna hiyo ungetufaa sana huku kwetu.

Ila jamani, nawasihi: mwenye mfuko wa uzazi asiendelee na estrojeni peke yake eti kwa kuwa projesteroni, homoni ya pili inayoulinda mfuko huo, imekosekana. Ukuta wa ndani wa mfuko hunenepa na hatari ya saratani huongezeka. Rudini kwa daktari kwanza.

Na wafamasia wenzangu, kabla hatujasema "hakuna", tumpigie msambazaji mama akiwa palepale, tumwambie mzigo unaingia lini na duka gani bado lina akiba.