Southfork: meza moja, ndugu wawili, na dunia nzima ikitazama

Asubuhi pale Southfork, ranchi ya familia ya Ewing huko Texas, meza huandaliwa nje, karibu na bwawa la kuogelea. Juisi ya machungwa imemiminwa, gazeti limekunjwa pembeni ya sahani. Mzee Jock Ewing, mwenye visima vya mafuta, ameshakaa. Mkewe, Miss Ellie, anaangalia nani hajala. J.R., mtoto wao mkubwa, anatokea ndani ya suti, kofia pana mkononi, anambusu mama yake shavuni na kumsalimu mdogo wake Bobby kwa bashasha. Mtazamaji anajua kilichopita ofisini jana usiku: kuna hati imetiwa saini, na hati hiyo itamwumiza Bobby. Bobby mwenyewe hana habari. Anamsogezea kaka yake kikombe.

Picha ya namna hiyo ilirudi mara nyingi katika Dallas, tamthilia iliyoanza kwenye televisheni ya CBS nchini Marekani tarehe 2 Aprili 1978 na kumalizika tarehe 3 Mei 1991 baada ya vipindi 357. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo wengi wetu tulifahamiana na akina Ewing kwa kuchelewa, kwenye kanda za video zilizopita mkono kwa mkono. Hata hivyo tuliwaelewa upesi sana. Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini. Jibu langu liko kwenye ile meza, ingawa wapo waliolipinga jibu la aina hii tangu zamani, na hoja zao si za kupuuzwa.

Kiini cha hadithi ni cha kale. Jock Ewing na Digger Barnes walikuwa washirika wa kutafuta mafuta Texas. Digger aliamini mpaka kufa kwake kwamba Jock alimdhulumu mara mbili: alichukua mafuta, akachukua na mwanamke, yaani Ellie. Katika kipindi cha kwanza kabisa Bobby anamwingiza nyumbani Pamela, binti wa Digger, akiwa ameshamwoa. Hapo deni la wazee linahamia mezani kwa watoto. David Jacobs, aliyeibuni tamthilia hii, hakuhitaji zaidi ya hapo kuendesha gari lake miaka 13. Mafanikio yake yaliwavuta wengine: mwaka 1981 televisheni ya ABC ikaleta Dynasty, ya Blake Carrington na mafuta yake huko Denver, na mwaka huohuo CBS ikaongeza Falcon Crest, ya familia inayogombania mashamba ya mizabibu California.

Wakosoaji waliamka mapema. Mwaka 1982, kwenye mkutano wa UNESCO mjini Mexico City, Jack Lang, aliyekuwa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa, aliushambulia ubeberu wa kitamaduni, na katika mijadala ya Ulaya ya miaka hiyo neno "Dallas" likawa karibu tusi. Walisema tamthilia hizi zinawafundisha watu wa kawaida kutamani majumba yasiyo yao. Wengine walisema kinyume chake, kwamba zinamliwaza maskini kwa kumwonyesha tajiri akilia. Lawama hizo mbili zikisimama pamoja zinagongana, na mimi sizioni kuwa ndizo nzito.

Nzito ni hii: utajiri wa akina Ewing hauna wafanyakazi. Tunaambiwa kuna visima, kuna viwanda vya kusafishia, kuna meli za mafuta, lakini mtu mwenye grisi mikononi ni nadra kumwona, na akionekana hana mengi ya kusema. Nyumbani, mtumishi Teresa anabeba sinia, anapokea simu, anatoka. Mali katika hadithi hizi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au huibwa na ndugu, au hurudishwa na mahakama. Kwamba kuna watu walioitoa ardhini kwa jasho, hilo halimo.

Mfano mmoja unanisumbua mpaka leo. Bei ya pipa la mafuta ilikuwa takriban dola 27 mwishoni mwa 1985. Katikati ya 1986 ilikaribia dola 10. Texas iliumia kwelikweli. Mitambo ya kuchimbia ilisimamishwa, watu wakapoteza kazi na nyumba, na katika miaka iliyofuata mabenki makubwa ya jimbo yakaanguka. Dallas iliuona msiba huo uliokuwa mlangoni kwake, ikaugeuza njama ya mtu mmoja: J.R. anamkodi mamluki akalipue visima vya Mashariki ya Kati ili bei ipande. Inasisimua, sikatai. Lakini maumivu ya maelfu yamepunguzwa yakawa ujanja wa bwana mmoja mwenye kofia, na aliyefukuzwa kazi kule kisimani hakupewa hata dakika tano. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tamthilia hizi zilitupa tembo tu, nyasi zikakatwa nje ya picha.

Nakubali hoja hiyo yote. Ila haielezi kwa nini watu walitazama.

Mtafiti Ien Ang wa Uholanzi aliweka tangazo katika jarida la wanawake akiwaomba watazamaji wamwandikie kwa nini wanaipenda au kuichukia Dallas. Akapata barua 42. Wengi walioipenda hawakudanganyika kuhusu utajiri. Walijua hakuna anayeishi hivyo. Walichokiita cha kweli ni hisia: wivu wa ndugu, ndoa iliyokufa huku wahusika wakiendelea kulala chumba kimoja, mama anayejua na kunyamaza. Nao Tamar Liebes na Elihu Katz waliwaketisha watu sebuleni Israeli, wakawaonyesha kipindi na kuwauliza wamesikia nini. Waarabu na Wayahudi wenye asili ya Morocco waliisimulia kama habari za ukoo: nani mwana wa nani, nani kamkosea nani, nini kikafuata. Wahamiaji kutoka Urusi walitafuta ujumbe uliofichwa na anayewapelekea. Wamarekani waliohojiwa Los Angeles walizungumzia zaidi uigizaji na nia za wahusika. Picha zilikuwa zilezile. Kila mmoja alitazama kwa macho ya nyumbani kwake.

Mimi natazama kama wale wa ukoo, na nadhani wasomaji wengi wa Kiswahili wanatazama hivyo hivyo. Jambo ambalo wahakiki wa Marekani walilicheka, kwamba mamilionea hawa wazima wanaishi na wake zao chini ya paa la baba, kwetu halikuhitaji maelezo. Ndilo linaloipa hadithi nguvu. Ndugu wanaogombea kampuni mjini wanaweza kumaliza kesi na kila mtu akashika njia yake. Wanaolala nyumba moja hawana pa kwenda. Ugomvi wa ofisini unapanda ngazi nao, unakaa nao mezani, unamsikiliza mama akiuliza kama mmeshiba.

Wosia wa Jock ndio unaoonyesha hili vizuri kuliko kitu kingine chochote katika miaka hiyo 13. Mzee anafariki, karatasi inafunguliwa, kumbe amewagawia J.R. na Bobby kampuni waiendeshe nusu kwa nusu kwa mwaka mmoja. Atakayekuwa na faida kubwa zaidi atachukua asilimia 51. Baba, akiwa kaburini, anawapiganisha wanawe. Bobby, yule mpole, anaanza kutumia njia za kaka yake, anahonga na kutisha, na Pamela anamtazama mumewe akibadilika mbele ya macho yake. Miss Ellie anafanya jambo ambalo kwa mjane ni zito mno: anakwenda mahakamani kuupinga wosia wa mumewe aliyempenda, ili awaokoe wanawe. Anashindwa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi, akaona watu walioshirikiana sahani utotoni wakizungumza kupitia wakili, hahitaji kuelezwa kwa nini nilishindwa kuinuka kitini.

Halafu Southfork inawaka moto, J.R. na mkewe na mtoto wao wakiwa ndani, na anayewakimbilia ni Bobby. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hadithi nzima imejengwa juu ya hekima hiyo, na mara nyingi mgeni aliyejaribu kufaidika na ugomvi wao, kama Cliff Barnes, mwana wa Digger, aliikuta ngome imefungwa.

Hata kile kitendawili maarufu kilikuwa cha nyumbani. J.R. alipigwa risasi katika kipindi cha tarehe 21 Machi 1980, na mgomo wa waigizaji ukaongeza kusubiri mpaka 21 Novemba, ambapo Wamarekani wapatao milioni 83 walikaa kujua nani alifanya. Alikuwa Kristin, mdogo wa mke wake, aliyekuwa pia hawara yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu wanawake, mizani inayumba. Sue Ellen, mke wa J.R., alidhalilishwa na kunyweshwa ulevi msimu baada ya msimu, na kuna siku nilizima televisheni kwa hasira. Lakini ndiye aliyesafiri mbali kuliko wote: alifungua kampuni yake, na alipoondoka mwaka 1989 alikuwa ameandaa filamu inayomwanika mumewe, akamwonyesha, akamwambia ataitoa hadharani akimsumbua. Katika Dynasty, Alexis, aliyekuja kuigizwa na Joan Collins, alitutokea kwanza kama mwanamke wa kofia na shela akiingia mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Blake, mume wake wa zamani. Baadaye akawa na kampuni ya mafuta ya kumkabili naye uso kwa uso. Wanawake wenye umri wake walikuwa hawajazoea kuonyeshwa wakiwa na hamu, hasira na mamlaka kwa pamoja.

Hata hivyo kwa Dynasty mapenzi yangu ni haba. Kadiri magauni ya Nolan Miller yalivyozidi kung'aa, ndivyo ile meza ilivyosahaulika. Mwaka 1985 walifunga msimu kwa harusi ya kifalme iliyomiminiwa risasi katika nchi ya kubuni ya Moldavia, na waliporudi karibu kila mtu alikuwa hai. Dallas nayo ikafanya kosa baya zaidi. Bobby alikufa mwaka huohuo, familia ikamlilia msimu mzima. Mwaka 1986 akaonekana bafuni akioga, na tukaambiwa kilio chote kilikuwa ndoto ya Pamela. Tamthilia zote mbili hazikurudi tena kileleni. Hili nalichukua kama ushahidi dhidi ya wanaodhani watu walifuata anasa. Anasa ilibaki palepale, majumba na vito havikupungua. Kilichochukuliwa ni uzito wa matendo. Mtu aliyezika pamoja na wewe hapendi kuambiwa kaburi lilikuwa tupu.

Mwaka 2012 Dallas ilifufuliwa. J.R., sasa mzee, tunamkuta kwenye makao ya wagonjwa, kimya, hasemi na mtu. Bobby anakuja kumwambia kwamba anampenda. Na ugomvi unaoanza upya hauhusu tena kampuni. Miss Ellie, ambaye Southfork ilikuwa ardhi ya wazazi wake kabla ya kuwa ya akina Ewing, alikuwa ameacha agizo: pasichimbwe mafuta hapo. John Ross, mwana wa J.R., ameshachimba, na mafuta yametoka.