Ngoma ya Ringo ndiyo iliyoubeba "Tomorrow Never Knows"

Kila inapozungumzwa rekodi ya "Tomorrow Never Knows", wimbo unaofunga albamu ya Revolver ya bendi ya The Beatles ya mwaka 1966, sifa huelekezwa kwenye vipande vya kanda zenye sauti zilizorekodiwa, vilivyozungushwa mfululizo kwenye mashine. Sipingi kwamba vinastahili kusifiwa. Ninachopinga ni mazoea ya kumtaja Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi hiyo, mwishoni, kwa sentensi moja ya heshima, ilhali naamini kwamba bila ngoma yake, na bila namna ilivyorekodiwa, vipande vile vingebaki kuwa kelele za kuvutia tu.

Kazi ilianza tarehe 6 Aprili katika studio za EMI, Abbey Road, London, na huu ndio uliokuwa wimbo wa kwanza kurekodiwa kwa ajili ya albamu hiyo. Fundi wa sauti, Geoff Emerick, alikuwa kijana wa miaka 20 aliyekabidhiwa nafasi hiyo hivi karibuni. Alichukua sweta la sufu, akalisokomeza ndani ya ngoma kubwa ili kuua mwangwi wake, kisha akasogeza maikrofoni karibu mno na ngozi, jambo ambalo taratibu za EMI zililikataza kwa kuhofia vifaa kuharibika. Sauti iliyopatikana ikapitishwa kwenye kompresa ya Fairchild, kifaa cha kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na kubanwa kwa nguvu, hata kila pigo likawa linatua kwa kishindo kizito na kikavu, huku matoazi yakivuma nyuma yake kama yanayovuta pumzi.

Wimbo wenyewe karibu wote umesimama juu ya noti moja, C, ambayo tambura, ala ya nyuzi ya Kihindi, inaivumisha bila kupumzika. Muziki usiobadilisha sauti ya msingi huwa hauna pa kukimbilia. Kinachoweza kuusukuma mbele ni mdundo tu. Ringo anarudia mpigo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake mna pigo moja linalojikwaa kidogo, ambalo sikio hulisubiri kila mzunguko.

Juu ya msingi huo ndipo zilipowekwa zile kanda. Paul McCartney, mwenzake Ringo katika bendi, alizitengeneza nyumbani, na siku iliyofuata vipande vitano vilizungushwa kwa pamoja kwenye mashine zilizotawanyika katika vyumba mbalimbali vya jengo, wafanyakazi wakikaza utepe kwa penseli ili usilegee. Kimojawapo, kinachosikika kama kelele za shakwe, ni kicheko cha McCartney kilichoharakishwa. Kila kipande kilipandishwa na kushushwa kwa mkono papo hapo, kwa hiyo mchanganyiko ule haukuweza kurudiwa ulivyokuwa.

John Lennon, mwimbaji wa wimbo huu, naye alitaka asikike kama Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Tibet, anayeimba juu ya kilele cha mlima. Katika nusu ya pili ya wimbo, sauti yake ilipitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati la kinanda cha Hammond. Ni ubunifu mzuri, ingawa kwangu mimi nusu ya kwanza, isiyo na spika hiyo, inatisha zaidi.

Anayedhani naipendelea ngoma asikilize jaribio la kwanza la kurekodi wimbo huu, lililotolewa mwaka 1996 katika Anthology 2, mkusanyo wa rekodi za The Beatles. Nalo lina kanda inayojizungusha na sauti ya ajabu ya Lennon, lakini mdundo wake ni mzito na wa polepole, kama unaotoka chini ya maji, na baada ya dakika moja hivi masikio yangu huanza kuchoka. Toleo la albamu, ambalo halifiki dakika 3, huniishia kabla sijatosheka, na ninapolirudia huwa nazifuata ngoma peke yake, nikiziacha zile kanda zipite.