Manamba hawakwenda Tanga kutembea

Eti manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge enzi za mkoloni walioandikwa kwa namba, walikwenda Tanga kwa hiari yao, walifuata hela tu. Hiari gani wakati mkoloni anakudai kodi kwa fedha taslimu na kwenu Kigoma hakuna pa kuipata? Babu yangu alikata mkonge, kovu la mwiba wa ncha ya jani lilikuwa karibu kabisa na jicho, na kipande chake, ile kadi ya kuwekewa tiki kila siku ya kazi, alikitunza kwenye kopo la majani ya chai mpaka anakufa, maana siku usipoenda haitikiwi na bila kutimiza siku 30 mshahara huoni. Lakini mzee huyo ukimwita manamba mnagombana, anakwambia mi nina jina, namba ilikuwa ya karatasi. Wa Muheza na Korogwe, wazee wenu nao walikuwa hivyo?