Waya Nao Uchorwe

Wachoraji wanaokwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar nawapenda. Mtu anayekaa nusu saa mbele ya mlango mmoja, jasho likimtiririka, ana adabu kuliko yule anayepita na simu akipiga picha bila hata kusimama. Siku hizi utawakuta kila pembe: wageni wenye viti vya kukunja pale Forodhani, vijana wa sanaa kutoka Dar es Salaam wameketi barazani Hurumzi, wastaafu wa Kizungu na visanduku vyao vidogo vya rangi za maji wakingoja jua lipoe. Nami hujiunga nao kila nikipata nauli ya boti. Ila nina ugomvi nao, na leo nautoa hadharani.

Daftari zao zinafanana. Fungua yoyote: mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, ukuta mweupe, paka mmoja, na mbali kidogo mwanamke wa buibui anapinda kona. Kazi nzuri, sikatai. Halafu inua macho uutazame mlango wenyewe. Kando yake pana mita ya umeme. Juu yake zimepita nyaya zisizohesabika. Vespa imeegeshwa kizingitini, ndoo ya plastiki imejaa maji, bango la uchaguzi uliopita limechanika nusu, na kiyoyozi cha jirani kinadondosha matone juu ya vyote hivyo. Kwenye karatasi havimo. Mchoraji amekaa pale pale, ameviona, na ameviruka.

Mtandao wa wachoraji wa mijini unaojulikana duniani kote kwa jina la Urban Sketchers ulianzishwa mwaka 2007 na Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa gazeti mjini Seattle. Wana ilani fupi ya mambo manane. Humo wanasema wachore wakiwa mahali penyewe, kwa kutazama kwa macho yao, na wawe wakweli kwa kile wanachokiona. Sharti la kwanza wengi wamelishika barabara, hata wakiliona gari la mkaa linawajia hawaondoki kitini. Hilo la ukweli limewashinda.

Nianze na sababu ya kiufundi, maana wachoraji huisikia haraka kuliko mahubiri. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vigumu kuchora kwa sababu havina upeo wa macho. Kuta zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, njia inapinda kila baada ya hatua chache, na mistari ambayo ingekutana mbali hukatwa na kona kabla haijafika popote. Nyumba zenyewe hazijanyooka. Zimeshuka na kutulia kwa zaidi ya miaka mia, dirisha moja limelalia kushoto, jingine kulia. Ukizilazimisha zifuate kanuni za kitabuni utakuwa umechora jengo la wizara, si nyumba ya mtaa wa Kiponda.

Nyaya ndizo zinazokuokoa. Zinavuka kichochoro kutoka ukuta hadi ukuta. Ule wa karibu ni mnene na umelegea sana, unaofuata umepungua, wa mwisho hauonekani vizuri. Hapo tayari umepata kina cha mtaa bila kupima kitu. Kale kaukanda ka anga kanakobaki juu, ambako kwa wengi huwa ni utupu wa buluu usio na kazi, kanakatwa vipande na kuanza kuzungumza na sehemu nyingine za mchoro. Na mchana, jua likikaribia utosini, vivuli vya nyaya huteremka ukutani vikipanda na kushuka kwenye kila uvimbe wa lipu. Ukutazame ukuta uliopakwa chokaa majira hayo bila vivuli hivyo: ni karatasi tupu. Waya umekuonyesha umbo lake bure.

Ukuta nao usiupake rangi moja ya krimu kisha ukaenda zako. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Mchoraji akilijua hilo, hashangai kwa nini nyumba ya tajiri ina vyumba vyembamba namna ile. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji hairuhusu. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji akitafuta uimara, unyevu hufungwa ndani, na baada ya misimu kadhaa ya masika lipu inavimba na kubanduka mabamba mabamba, ikiacha baka la kijivu chini ya madirisha. Ukichora baka lile umechora ugonjwa wa nyumba na dawa iliyouzidisha. Ukiliziba kwa krimu, umefanya kazi ile ile ya saruji.

Kinachonichekesha zaidi ni Beit al-Ajaib, lile jumba la kisultani linaloikabili bustani ya Forodhani. Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883, na miongoni mwa mambo yanayotajwa mpaka leo kila inapoelezwa ni kwamba lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Ndiyo, umeme. Sasa mtu anakaa bustanini Forodhani, anachora jengo linalosifiwa kwa umeme wake, na kitu cha kwanza anachokiondoa mbele yake ni waya.

Ukimuuliza atakwambia anatafuta mji wa asili. Asili ipi? Mnara wa saa ambao kila mchoraji aliuweka katikati ya ukurasa haukuwapo Barghash alipojenga. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, zikabomoa Beit al-Hukm, jumba la jirani, na mnara uliokuwa mbele yake, na katika ukarabati uliofuata ndipo mnara ukabandikwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib. Mapaa? Nyumba nyingi za mawe zilikuwa na mapaa bapa, mabati ya mgongo yakaja baadaye kuzuia mvua, na leo kutu ya mabati hayo ndiyo wachoraji wanayoipenda kuliko kitu kingine. Wanachanganya rangi nyekundu na kahawia kwa dakika kumi ili waipate sawasawa. Hata milango. Ile yenye kichwa cha mraba ni ya mtindo wa Kiarabu wa zamani zaidi, na ile yenye tao ilienea mwishoni mwa karne ya 19 na ina mkono wa Kihindi ndani yake. Kila kinachoitwa asili pale kiliwahi kuwa mgeni aliyeharibu mandhari ya mtu fulani. Mita ya umeme imechelewa kuzaliwa tu.

(Nikiwa hapo hapo: maduka ya picha ya mtaani yamejaa tembo na machweo ya savana. Unguja haina tembo. Simlaumu muuzaji, anauza kinachonunuliwa. Lakini mgeni anayecheka tembo wale, kisha akaenda kuchora kichochoro kisicho na vespa hata moja, hana cha kumcheka mwenzake.)

Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kuikarabati, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake, na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo michoro ya miaka ile ya mwisho imegawanyika makundi mawili. Kuna iliyoonyesha nguzo safi na mnara uliosimama wima, mizuri ya kutundika sebuleni. Na kuna michache iliyochorwa na watu wagumu, walioweka jukwaa la mafundi, vipande vya roshani vilivyofungwa visikanyagwe, na michirizi ya maji ya mvua kwenye kuta. Ya kwanza inakuonyesha jengo ambalo tayari lipo kwenye kila kadi ya posta. Ya pili inakuonyesha jengo lililokuwa likiumwa. Na bado, baada ya yote hayo, nimewakuta watu wameketi mbele ya uzio wa eneo lile wakichora jengo zima kwa kuangalia picha ya zamani kwenye simu. Si bora wangebaki nyumbani kwao na kiyoyozi?

Wenye mji wanalijua jambo hili kuliko sisi. Nenda Jaws Corner alasiri, pale kwenye kahawa, siasa na bao, kaa kwenye baraza, amkia waliopo, uanze kuchora. Hutamaliza dirisha la kwanza kabla hujapata wahariri. Mara ya mwisho mzee mmoja aliyekuwa na kikombe mkononi alikuja akasimama nyuma yangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nyumba umeiweza. Ule waya unaoingia dirisha la juu umeutia?”

Nikamwonyesha. Akaridhika, kisha akanieleza kwamba ulivutwa kwa ajili ya taa za harusi, harusi ikaisha, waya ukabaki, na bibi harusi sasa ana wajukuu. Mwingine akadakia kwamba huo si wa harusi, wa harusi ni ule mweusi. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Hapo mazungumzo yakahamia kwenye giza la mwaka 2009. Umeme wa Unguja huja kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka bara. Desemba mwaka ule ukakatika, na ukarejea Machi 2010. Miezi mitatu. Walinisimulia majenereta yaliyonguruma mitaani, friji zilizogeuka makabati, na watu waliokuwa wakiteka maji usiku kwa sababu pampu hazifanyi kazi. Mwaka 2008 nao walikuwa wamekaa gizani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ilikuwa mara ya pili. Kwa watu hao waya juu ya kichochoro si uchafu. Nisingeyapata hayo kama ningechora mlango na paka.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi. Kuwa mkweli hakukupi ruhusa ya kumchora kila mtu uso wake. Wapo wasiopenda kuchorwa kwa sababu za dini, na wapo wasiopenda tu. Omba, na ukikataliwa geuza kiti. Darajani sokoni mtu mmoja mmoja hatulii muda wa kutosha kuchorwa sura, lakini umbo la hamali akisukuma mkokoteni, shingo imeingia mabegani, linatosha kabisa na halimtaji mtu. Ninachokataa ni ile tabia ya kuondoa wakazi wote kisha kumrudisha mmoja, wa mbali, mwenye buibui, awe pambo. Mji huu una watu wanaoanika nguo. Nyumba kadhaa zimegeuka hoteli, na ukiendelea kuuchora kana kwamba hapaishi mtu, unawasaidia wanaotaka iwe hivyo.

Najua jibu litakalokuja: msanii ana haki ya kuchagua. Anayo. Ukigeuza kiti ukaangalia upande usio na waya, umechagua. Ukikata mchoro chini ya dirisha, umechagua. Ila ukikaa mbele ya nyaya, ukazichungulia katikati yake kuona nakshi, kisha ukachora nakshi bila nyaya, hilo si kuchagua. Na usidhani nazitetea nyaya zenyewe. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtu yeyote anayejali urithi huo angefurahi kuona nyaya zimefukiwa ardhini, kwa usalama kwanza, kwa sababu moto kwenye nyumba zenye dari za boriti si mchezo. Nami naomba zifukiwe. Siku hiyo ikifika, atakayetaka kujua mtaa wa Kiponda ulikuwaje kabla, itabidi atafute daftari la mtu ambaye hakuzifuta.

Kwa anayetaka kujaribu, nyaya zichorwe mwisho kabisa, baada ya rangi kukauka, na pwani rangi ya maji hukauka polepole, kwa hiyo kunywa kahawa ya pili kwanza. Tumia kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, ncha nyembamba kwa nyaya za mbali na nene kwa ule unaopita juu ya kichwa chako. Usiegemeze kiganja kwenye karatasi, vuta mstari kutoka begani, mara moja, bila kurudia. Ukitetemeka usifute. Za kule juu nazo hazijanyooka.