Njia za Skipton ni zetu pia

Ukikaa na Waswahili wenzangu hapa Leeds ukauliza habari za mapumziko, utapata majibu mawili tu. Mwenye siku mbili analala. Mwenye wiki tatu anakusanya nauli aende nyumbani. Katikati ya hapo hakuna kitu, labda kuzunguka madukani, kuku wa kukaanga, kisha kila mtu na simu yake. Watoto wetu wanakua wakiijua Uingereza ya basi, shule na foleni ya daktari. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana nimeamua kuliandika, kwa sababu mwendo wa treni wa dakika 40 na kitu hivi kutoka hapa upo mji mdogo ambao ungewafaa wote, na mbuga zake, mito yake na majabali yake. Mji huo ni Skipton.

Skipton ni mji wa soko, na jina lake kwa Kiingereza cha kale ni mji wa kondoo. Soko halimo ndani ya jengo. Liko barabarani, kwenye barabara kuu yenyewe, vibanda vya turubai vimepangwa mbele ya maduka, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Nenda Jumamosi asubuhi. Utakuta jibini zimekatwa vipande kama sabuni ya mche, soksi za sufu, miche ya maua, samaki, mikate, vyombo vya jikoni. Wauzaji wa huku Yorkshire wanamwita kila mteja mpenzi, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa kijana, kama kina mama wa Kariakoo wanavyokuita ukiwa bado mbali. Mara ya kwanza niliposikia niligeuka nyuma nikidhani anaitwa mtu mwingine.

Pembeni ya mji uko mnada wa mifugo, Craven Cattle Marts, unaojulikana kwa kifupi kama CCM, na Mtanzania yeyote akiziona herufi hizo kwenye bango la ng'ombe lazima atabasamu. Pale wanauzwa ng'ombe, kondoo, na hata mbwa wa kuchunga kondoo, ambao kwanza hufanyiwa majaribio uwanjani mbele ya wanunuzi. Mbwa hodari anauzwa kwa maelfu ya pauni, na bei hutajwa kwa gini, hesabu ya zamani ambayo gini moja ni pauni moja na peni 5. Mtu aliyekulia karibu na mnada wa Pugu au gulio la Jumatano kijijini kwao hatahitaji mkalimani. Mikono mifukoni, macho kwenye miguu ya mnyama, mnadi anaimba bei. Wanayofanya pale ni yale yale.

Sasa ngome. Juu kabisa ya barabara kuu ipo Skipton Castle, ina zaidi ya miaka 900, na paa lake lipo bado. Wengi wakisikia ngome wanafikiria mizinga na mashimo ya wafungwa, nao mzingiro ulikuwepo kweli: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ngome hii ilishikilia upande wa mfalme dhidi ya Bunge miaka 3, hadi ikasalimu amri Desemba 1645. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Naipenda kwa ajili ya mwanamke aliyezaliwa humo mwaka 1590, Lady Anne Clifford, na kesi yake ya mirathi.

Baba yake, George Clifford, alifariki 1605. Anne ndiye mtoto pekee aliyebaki hai, lakini mzee aliandika majumba na ardhi yote ya kaskazini viende kwa ndugu yake wa kiume, binti akatengewa pauni 15,000. Ni nani kati yetu asiyeijua hadithi hii? Baba mdogo anakuja matangani na begi, arobaini haijafika hati ya nyumba imeshahama. Anne alikuwa na miaka 15. Mama yake akafungua madai kwa niaba yake. Alipoolewa, mumewe alimsukuma akubali fedha yaishe. Mwaka 1617 Mfalme James mwenyewe alitaka kuwapatanisha, Anne akakataa kuuachia urithi wake, mbele ya mfalme. Aliupata mwaka 1643, binamu yake, mtoto wa yule baba mdogo, alipokufa bila mtoto wa kiume wa kurithi. Alikuwa na miaka 53. Na vita bado vilikuwa vinaendelea, na ngome ilipotekwa ikabomolewa sehemu kwa amri ya Bunge. Akaijenga upya. Ndani ya ua mdogo wa mawe, katikati, akapanda mti wa yew mwaka 1659. Mti ule upo hadi leo. Shina lake limejikunja, gome lina wekundu, na ukisimama chini yake mwanga wa ua unakuwa hafifu kama chini ya mwembe. Nimewapeleka kina dada wengi pale, na kila nikimaliza kuwasimulia wananyamaza kwanza, kisha mmoja anaanza kuhesabu ya kwao.

Ngome ina kiingilio. Jumba la makumbusho lililopo kwenye ukumbi wa mji halina, na humo kuna nakala ya toleo la kwanza la tamthilia za Shakespeare la mwaka 1623, imewekwa kwenye kioo. Mfereji wa Leeds na Liverpool nao hauna malipo. Una urefu wa maili 127 na unapita katikati ya Skipton, na kipande cha kwanza kufunguliwa, mwaka 1773, kilikuwa kati ya Skipton na Bingley. Watoto wanapenda zile boti ndefu nyembamba zenye masufuria ya maua juu ya paa. Ukipata muda, shuka Bingley njiani uone milango 5 ya maji iliyopangwa kama ngazi, ya mwaka 1774, inavyopandisha boti nzima kilimani.

Lakini hayo yote ni ya mjini. Ninalotaka kusema hasa liko nje ya mji.

Mara yangu ya kwanza kutoka Skipton kwa miguu nilirudi njiani. Nilikuwa peke yangu, Januari, upande wa Embsay, nikafika kwenye geti la mbao. Ng'ambo yake kondoo, na mbali kidogo nyumba ya mkulima inafuka moshi. Nikasimama. Kwetu ukiingia shamba la mtu bila hodi unajitafutia maneno. Hapa, nikawaza, Mwafrika peke yake katikati ya malisho ya watu, mwenyewe akitokea nitamwambia nini? Nikageuka. Sikufika mbali nikakutana na mzee na mbwa wake, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia geti limefungwa. Akanirudisha mpaka pale pale, akaweka kidole juu ya nguzo. Palikuwa na kibandiko cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na mshale wa njano katikati, umepauka kwa mvua. Nilikuwa nimesimama mbele yake sikuuona. Akainua komeo, akanipisha, akasema tu nisisahau kulifunga nyuma yangu.

Mshale wa njano maana yake ni njia ya umma ya waenda kwa miguu. Wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Njia ile ni haki yako kisheria hata kama inakatiza katikati ya shamba, hata kama inapita uani kwa mtu. Imechorwa kwenye ramani rasmi ya halmashauri, na mwenye ardhi haruhusiwi kuiziba. Wewe unatakiwa ufuate mstari wake, geti uliache ulivyolikuta, na mbwa kama unaye umfunge kamba, hasa majira ya kuchipua kondoo wanapozaa. Basi. Huhitaji kuomba ruhusa, huhitaji kujieleza, wala hakuna anayeuliza pasipoti.

Na haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, walipanda kwa pamoja mlima Kinder Scout, huko Derbyshire, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Vijana 5 walifungwa jela. Ikachukua miaka hadi sheria ya 1949 iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuagiza njia za umma ziandikwe kwenye ramani. Hifadhi ya Yorkshire Dales, inayoanza jirani na Skipton, ikatangazwa 1954. Mwaka 2000 sheria nyingine ikafungua nyanda za juu watu watembee hata nje ya njia. Waliozipigania njia hizi walikuwa watu wa viwandani, wenye Jumapili moja tu kwa wiki na mapafu yaliyojaa vumbi la pamba. Sisi tunaoosha wazee kwa zamu ya usiku na kupakia maboksi ghalani ni wa ukoo huo huo wa kazi. Ndiyo maana nakasirika nikimsikia mwenzangu anasema mashamba yale ni mambo ya wazungu.

Mwaka juzi mama mkubwa alikuja kututembelea kutoka Lushoto. Wiki ya kwanza tulimpeleka madukani, akachoka. Akaniambia, "Mwanangu, mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nipeleke mahali penye udongo." Tukampeleka Malham, kijiji kilicho kama maili 10 kutoka Skipton. Nyuma ya kijiji lipo jabali la mawe ya chokaa, Malham Cove, limesimama wima kiasi cha mita 80, jeupe, limepinda kama kifua cha mtu aliyefungua mikono. Barafu ya kale ilipoyeyuka maji yalimwagika kutoka juu. Siku hizi kijito kinazama ardhini kabla ya kufika ukingoni, na chini ya jabali maji mengine yanachomoza kimya kimya kwenye ufa. Desemba 2015, tufani kubwa ilipopiga, ardhi ilishindwa kuyameza maji na maporomoko yakarudi kwa muda mfupi, kitu ambacho hakuna mkazi aliyekuwa amekiona. Mama mkubwa alisikiliza yote hayo, akainama, akanawa uso pale yanapotokea.

Kilichomshangaza zaidi ni kuta. Mabonde yote ya huku yamegawanywa kwa kuta za mawe zisizo na saruji wala udongo. Alipapasa ukuta mmoja kwa kiganja, akachungulia kati ya jiwe na jiwe, akaona mwanga upande wa pili. "Hawa wamepanga tu?" Wamepanga tu, mama. Safu mbili zinazoegemeana, vijiwe vidogo vimejaza tumbo, na mawe marefu yamelazwa kukatiza ili zisiachane. Nyingine zimesimama zaidi ya miaka 200. Akasema kwao Usambara matuta yangepangwa hivyo, mvua isingechukua udongo wote.

Siku nyingine tulikwenda Bolton Abbey. Pale kuna magofu ya makao ya watawa waliohamia ukingoni mwa mto Wharfe mwaka 1154, na nusu ya kanisa bado inasaliwa. Mbele yake mto unavukwa kwa mawe ya kukanyagia karibu 60, jiwe baada ya jiwe, na watoto wangu walivuka mara nne. Mama mkubwa alitandika khanga kwenye majani akaswali adhuhuri huku maji yanapita, na waliokuwa wanacheza mpira jirani wakauhamishia mbali bila kuambiwa. Mwendo mfupi juu ya hapo mto huo huo unabanwa kwenye mwamba, panaitwa Strid. Panaonekana kama unaweza kuruka. Usijaribu, na mtoto mshike mkono: chini ni kina kirefu kimechimbwa ndani ya mwamba, na watu wamekufa pale.

Gharama? Bolton Abbey wanatoza kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo jazeni gari. Chakula beba chako. Pai zinazosifiwa sokoni nyingi ni za nguruwe, na chapati na maharage kwenye hotpoti pamoja na chai ya tangawizi hazina mfano juu ya kilima chenye upepo. Viatu viwe vya kushika tope. Mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili ni machache zaidi. Nimewahi kusubiri saa moja na nusu na watoto wawili kwenye kituo, mvua inanyesha, basi lililoandikwa kwenye ratiba lisije kabisa. Tangu siku hiyo napanga safari kuanzia basi la kurudi, ndipo nafikiria la kwenda. Nadhani serikali inayojivunia hifadhi hizi ingelipia mabasi yake kwanza, maana hifadhi isiyofikiwa bila gari imewafungia mlango wale wale waliopiganiwa.

Tulipokuwa tunarudi kutoka Malham jioni ile, mama mkubwa alibaki nyuma. Nilimkuta kwenye seng'enge iliyopita juu ya ukuta, anachomoa kishungi cha sufu kilichoachwa na kondoo aliyejikuna pale, kichafu kidogo, kina mafuta. Alikinusa, akakivuta kikawa uzi, akakifunga kwenye pindo la khanga. Alipoondoka kwenda uwanja wa ndege nilimuuliza kama amesahau kitu. Akapapasa pindo, akasema kipo.