Meyer hakubuni rada, alikaa na kazi

Wanaomwita Admirali Wayne Meyer wa Marekani "baba wa Aegis", mfumo wa rada, kompyuta na makombora unaolinda meli za kivita, hawajakosea, ila wengi humsifu kama mvumbuzi. Kwangu mimi, ukubwa wake ni kwamba alishika mradi mmoja tangu 1970 hadi 1983 bila kuuacha uvunjwe vipande.

Hatari ya makombora kwa meli ilishajulikana. Oktoba 1967 boti ndogo za Misri ziliizamisha manowari ya Israeli, Eilat, karibu na Port Said kwa makombora ya Kisovieti. Piga hesabu: rada iliyo mita 15 juu ya bahari hulibaini kombora linaloruka mita 5 juu ya maji likiwa umbali wa kilomita 25 hivi. Likija kwa mita 300 kwa sekunde, una sekunde 80 na kidogo. Rada inayozunguka mara moja kila sekunde 10, ikihitaji mizunguko mitatu kuthibitisha shabaha, imekula sekunde 30 kabla hujafyatua chochote. Tena, kila shabaha ilihitaji rada yake ya kuimulika, yaani kuipiga kwa miale ambayo kombora lako la kujihami huifuata, mpaka lifike. Meli yenye rada mbili za kumulika hushughulikia mawili, la tatu linapita.

SPY-1, rada ya Aegis, ina nyuso nne zisizozunguka. Miale yake huelekezwa kielektroniki. Kombora lake la kujihami, SM-2, huongozwa na meli likiwa njiani, na kumulika hufanyika sekunde za mwisho tu, hivyo rada nne za kumulika hutumika kwa zamu.

Lakini mitambo ya namna hii huharibikia kwenye maungio: rada imeona, kompyuta imeelewa vingine. Ndiyo maana Meyer aliijaribu kwenye jengo la nchi kavu huko Moorestown, New Jersey, na kwenye meli kuukuu, Norton Sound, mwaka 1974. Kasoro ya programu iliyonaswa nchi kavu haimrudishi mtu bandarini. Mwaka 1977 akakabidhiwa na ujenzi wa meli zenyewe. Ticonderoga, meli ya kwanza yenye Aegis, ikaanza kazi Januari 1983.

Palipobaki pengo ni kwa binadamu. Julai 1988 Vincennes, meli ya kivita ya Marekani yenye Aegis, iliangusha ndege ya abiria ya Iran na kuua watu 290. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha ndege inapanda. Waliokuwa kwenye skrini waliamini inashuka. Mazoezi ya wahudumu chini ya shinikizo yalistahili kujaribiwa kwa ukali uleule wa rada.

Jeshi la majini linalomhamisha msimamizi wa mradi kama huu kila baada ya miaka miwili au mitatu linajinyima mtu anayekumbuka kwa nini kila ungio liliwekwa pale.